NetBSD: mfumo unaokubali mashine zilizokataliwa

Wengi wenu mmenizoea nikiipigia debe Linux. Leo Linux tuipumzishe kidogo. Nataka niwajulishe kwa binamu yake mmoja ambaye hatajwi sana huku kwetu. Anaitwa NetBSD.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Mpwa wangu aliingia chuo kikuu kusomea sayansi ya tarakilishi. Siku moja akaja kwangu amebeba laptopu ndogo, zile za skrini ya inchi kumi zilizovuma sana miaka ya 2008 na 2009. Alipewa na jirani aliyekuwa akihama.

"Mjomba," akaniambia, "hii ni ya kupeleka kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Wenzangu wanasema bila RAM ya GB 8 hii kozi huiwezi."

Nikaiwasha, nikaitazama. Prosesa yake ni Intel Atom N270, RAM ni GB 1. Prosesa hiyo ni ya biti 32 pekee, na hapo ndipo shida ilipo. Ilikuja na Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuitunza Aprili 2014. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa. Kijana alikuwa amejaribu kuweka Debian, akakwama, kwa sababu Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haitoi tena kisakinishi cha mashine za biti 32 za aina hiyo. FreeBSD nayo ilifunga mlango huo huo katika toleo lake la 15.0, Desemba 2025.

Basi tukapiga hodi kwa NetBSD. Tukaambiwa karibu.

Leo mashine ile ile ndiyo anayojifunzia lugha ya C. Na maoni yangu, ambayo najua baadhi yenu mtayapinga, ni haya: mwanafunzi wa tarakilishi hana haja ya kungoja mashine ya bei ghali ndipo aanze kusoma. Mashine kuukuu yenye NetBSD inaweza kumfunza mengi kuliko laptopu mpya ambayo kazi yake ni kubonyezwabonyezwa tu.

NetBSD ni nini hasa?

NetBSD ni mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayosimamia tarakilishi yote: kumbukumbu, diski, kibodi, mtandao, na programu nyingine zote zinazokaa juu yake. Ni wa ukoo wa Unix. Ni wa bure, na msimbo chanzo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Unatengenezwa na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, chini ya shirika lisilo la kibiashara.

Ukoo wenyewe ni wa zamani. Unix ilianzishwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell Labs huko Marekani, na Ken Thompson na Dennis Ritchie. Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley kikaichukua, kikaiongezea mambo mengi, na toleo lao likaitwa BSD. Mnamo 1983 toleo la 4.2BSD lilitoka likiwa na TCP/IP ndani yake, lugha ile ile ambayo intaneti inazungumza hadi leo. Kwa hiyo ukitumia intaneti, ujue wazee wa ukoo huu walikuwepo ilipokuwa ikijengwa.

Mwaka 1992 William na Lynne Jolitz walitoa 386BSD, ili BSD iweze kukimbia kwenye tarakilishi za kawaida za Intel. Watu wengi waliipenda, lakini marekebisho yakawa yanakuja polepole. Machi 1993 vijana wanne, Chris Demetriou, Theo de Raadt, Adam Glass na Charles Hannum, wakaamua kuanzisha mradi wao. Toleo la kwanza, NetBSD 0.8, lilitoka Aprili mwaka huo huo. Neno Net katika jina lilitokana na mtandao, kwa sababu kazi ilifanywa na watu walioko mbali wakishirikiana kupitia intaneti. Leo hilo ni jambo la kawaida. Mwaka 1993 lilikuwa jambo geni.

Swali ambalo huulizwa kila mara: mbona basi Linux ndiyo iliyopata umaarufu? Sababu ni nyingi, lakini moja ni kesi. Mwaka 1992 kampuni tanzu ya AT&T ilishtaki ikidai kwamba BSD ilikuwa na msimbo wake ndani. Kesi ikamalizwa kwa maafikiano mwanzoni mwa 1994. Katika muda huo watu waliogopa kuigusa BSD, na Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, haikuwa na mashaka hayo. Hivyo ndivyo mdogo alivyompita mkubwa njiani.

Mapishi ni yale yale, jiko ndilo hubadilika

Sifa kubwa ya NetBSD ni kuhamika. Kauli mbiu yao, kwa Kiswahili, ni kama kusema "bila shaka inaendesha NetBSD". Mfumo huu unakimbia kwenye zaidi ya aina 50 za mashine: kompyuta za kawaida za Intel na AMD, bodi ndogo za Raspberry Pi, Mac za zamani, seva za SPARC, Amiga, mashine za VAX ambazo ukoo wake ulianza mwaka 1977, na hata Dreamcast, ile mashine ya michezo ya Sega. Mwaka 2005 kampuni moja ya Marekani, Technologic Systems, ilitengeneza kifaa cha kuchoma mkate kinachoendeshwa na NetBSD. Ulikuwa utani, lakini utani uliofanya kazi.

Wanawezaje? Fikiria mpishi wa pilau. Mpe mafiga na kuni, jiko la makaa au jiko la gesi, pilau itatoka. Mapishi hayabadiliki, kinachobadilika ni namna ya kuwasha na kupunguza moto. Watu wa NetBSD walitenganisha vitu hivyo viwili tangu mapema. Sehemu kubwa ya msimbo haijali iko kwenye mashine gani. Sehemu ndogo ndiyo inayojua mambo ya mashine fulani.

Mfano ni draiva ya kadi ya mtandao. Mahali pengine mtu angeandika draiva ya kadi hiyo kwa Intel, kisha aiandike upya kwa mashine nyingine. Kwenye NetBSD draiva haiigusi kadi moja kwa moja. Inapitia tabaka la kati, na tabaka hilo lina majina yake: bus_space kwa kusoma na kuandika kwenye kifaa, na bus_dma kwa kuhamisha data kati ya kifaa na kumbukumbu. Tabaka hilo ndilo linalojua tofauti za mashine. Kwa hiyo kadi moja, draiva moja, mashine nyingi.

Kwa nini nalieleza hili kwa mtu mgeni? Kwa sababu hili ndilo somo lenyewe la uhandisi wa programu. Vitabu vinakuambia utenganishe mambo, uweke mipaka kati ya sehemu na sehemu. Hapa unaliona likifanya kazi katika mfumo mkubwa ambao umeishi zaidi ya miaka 30.

Darasa lisilohitaji bando

Sasa nije kwa jambo linalotugusa sisi hasa. Bando ni pesa. Mwanafunzi akitaka kujifunza kwa njia ya siku hizi, anaambiwa apakue kihariri cha GB nzima, kisha apakue lugha, kisha apakue hifadhidata, kisha maelezo yake ayasome mtandaoni. Kabla hajaandika mstari mmoja, bando limeisha.

Faili ya ISO ya NetBSD 10.1 ya amd64, toleo lililotoka Desemba 2024, haifiki GB 1. Ukishaiweka yote, hata kabla hujaunganisha mashine na intaneti, una vitu hivi:

- kikusanyaji cha lugha za C na C++
- lugha ya Lua
- hifadhidata ya SQLite
- kihariri cha vi
- seva ndogo ya wavuti
- ssh, na zana zote za kawaida za Unix
- miongozo ya matumizi ya karibu kila amri, kila faili ya usanidi na kila draiva

Hebu rudia kusoma orodha hiyo. Hayo ni mahitaji ya muhula mzima wa chuo, na hujapakua kitu kingine chochote.

Kuhusu miongozo, wacha niseme kidogo. Ukiandika man ls unapata maelezo ya amri ya ls. Ukiwa hujui jina la amri unayoitafuta, andika apropos kisha maneno unayoyakumbuka, na mfumo utatafuta ndani ya maandishi ya miongozo yote. Miongozo hii ipo ndani ya mfumo wenyewe na inatunzwa pamoja nao, kwa hiyo unachosoma kinahusu toleo ulilo nalo, si ushauri wa mtu fulani wa miaka kumi iliyopita. Imeandikwa kwa Kiingereza, hilo sikatai. Lakini ni Kiingereza kifupi na chenye adabu, hakikuzungushi.

Kuna jambo la pili. Kiini na zana za msingi vinatoka nyumba moja, mti mmoja wa msimbo. Msimbo chanzo hupakuliwa kando, lakini ukishakuwa nao kwenye /usr/src, kila kitu kina mahali pake panapotabirika. Unataka kuona amri ya echo imeandikwaje? Fungua /usr/src/bin/echo/echo.c. Ni fupi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaisoma akamaliza. Kisha nenda cat, kisha ls. Mpwa wangu alianza hivyo. Wiki ya pili akaniuliza swali kuhusu viashiria vya C ambalo nilihitaji kukuna kichwa kabla ya kumjibu. Hapo nilijua mashine ya kutupa imeanza kulipa.

Na jambo la tatu ni leseni. Leseni ya BSD ni fupi kuliko makala haya. Kwa maneno machache inasema: tumia utakavyo, hata uuze, ila usifute majina ya walioandika na usitushtaki ikiharibika. Fundi mdogo wa Nairobi au Kisumu anayetaka kutengeneza kifaa chake mwenyewe anaweza kuweka NetBSD ndani bila kumlipa mtu.

Ubaya wake nao tuuseme

Nikiwaficha mabaya nitakuwa mchuuzi, si rafiki. Haya ndiyo niliyokutana nayo.

Kwanza, Wi-Fi. Kadi ya Wi-Fi ya laptopu ile ilikataa katakata. Zipo kadi zinazokubali, na zipo zisizokubali, na kwa mashine mpya tatizo ni kubwa zaidi. Tulitumia waya wa mtandao. Njia nyingine ni kuunganisha simu ya Android kwa waya wa USB na kuwasha kugawa intaneti. Simu nyingi hutokea kama kadi ya mtandao iitwayo urndis0.

Pili, kivinjari. NetBSD haiwezi kufanya miujiza. Kurasa za wavuti za siku hizi ni nzito, na RAM ya GB 1 haizitoshi. Firefox ipo, lakini kwenye mashine kama ile utaijutia. Kama unachotaka ni YouTube na mitandao ya kijamii, makala haya hayakuhusu.

Tatu, ukimaliza kuiweka haikupi picha za kupendeza. Inakupa skrini nyeusi na mahali pa kuandika amri. Madirisha yapo, unayaita mwenyewe. Wapo watakaokata tamaa hapo hapo.

Nne, watumiaji ni wachache. Ukikwama, huenda usipate mtu wa mtaani wa kukusaidia kama ilivyo kwa Windows au Ubuntu. Utalazimika kusoma.

Kisha kuna pingamizi ninalolisikia kila mara: "Kazini nitakuta Linux, kwa nini nipoteze wakati?" Ni kweli, kazini utakuta Linux. Lakini ls, cp, grep, ssh, vi, ruhusa za faili na programu za shell vinafanana karibu kote. Tofauti zipo, kwa mfano hapa huduma zinawashwa kupitia faili moja ya maandishi, /etc/rc.conf, na si kupitia systemd. Tofauti hizo zinajifunzwa kwa siku chache. Mtu aliyejua Unix hapotei kwenye Linux. Mtu aliyekariri vitufe vya Ubuntu hupotea vitufe vikihamishwa.

Mimi mwenyewe kazi yangu ya kunipa mkate inafanyika kwenye Linux, na sina mpango wa kuhama. Siwaambii muhame. Nawaambia msome.

Ukitaka kujaribu

Kama una tarakilishi nzuri, usiiguse diski yako kwanza. Weka VirtualBox au QEMU, pakua ISO kutoka netbsd.org, uijaribu humo ndani. Ukiharibu, unafuta na kuanza upya.

Kama una mashine kuukuu, fuata hatua hizi.

1. Chagua aina sahihi. Mashine ya biti 64 chukua amd64, ya biti 32 chukua i386. Kwa fleshi, chukua faili inayoishia na install.img.gz, si ISO.

2. Toa nakala ya kila kitu unachokihitaji kwenye diski. Kisakinishi kikipewa diski nzima kinafuta vyote. Nisije nikalaumiwa.

3. Washa mashine kwa fleshi. Kisakinishi, sysinst, kinaongea kwa menyu za maandishi. Chagua kuweka vyote, ili upate kikusanyaji na miongozo.

4. Mwishoni utaulizwa mambo ya usanidi. Weka neno la siri la root, saa za eneo iwe Africa/Nairobi, washa dhcpcd ili mashine ijipatie anwani ya mtandao, na uongeze mtumiaji wako. Usifanye kazi zako za kila siku ukiwa root.

5. Mashine ikiwaka upya, ingia kisha andika:

man afterboot

Huo ni mwongozo wa mambo ya kukagua baada ya kusakinisha. Usome wote. Ukimaliza, umeshajua mengi kuliko wanaojiita mafundi.

Zoezi la kwanza ninalolipendekeza ni hili. Ukiwa root, tengeneza kabrasha /var/www, weka humo faili yako ya index.html, kisha ongeza mstari huu kwenye /etc/rc.conf:

httpd=YES

Sasa washa huduma kwa kuandika service httpd start. Chukua simu iliyo kwenye mtandao huo huo, fungua anwani ya mashine yako, na ukurasa wako utatokea. Ile laptopu ya kutupwa imekuwa seva.

Ukihitaji programu zaidi, kuna hazina yao iitwayo pkgsrc yenye programu zaidi ya 20,000, na amri ya pkgin inakuletea zilizokwisha kutayarishwa. pkgsrc hiyo inafanya kazi hata juu ya Linux na Mac, kwa sababu nayo iliandikwa na watu wasiopenda kufungwa mahali pamoja.

Neno la mwisho

Huku kwetu tarakilishi nyingi zinafika zikiwa zimeshatumika kwingine. Mtumba wa mashine ni kama mtumba wa nguo: ukijua kuchagua na kushona, unavaa vizuri. Tangu Windows 10 iachwe Oktoba 2025, mashine nyingi zaidi zinaambiwa zimezeeka, ilhali hazijaharibika. Aliyesema zimezeeka ni muuzaji wa mpya. Sisi tunaozinunua tuna haki ya kuuliza swali la pili: inaweza kufanya nini bado?

Mpwa wangu bado huja kwangu kutazama filamu kwenye mashine yangu, maana yake haiwezi. Lakini mara ya mwisho alikuja na wenzake wawili wa darasani, kila mmoja amebeba laptopu kuukuu kwenye mfuko wa plastiki.

"Mjomba," akasema, "na hizi je?"

Moja ilikuwa imeungua bodi, hiyo hata NetBSD haiwezi kuifufua. Ya pili tuliiweka jioni hiyo hiyo.

Kazi kwenu. Tukijaaliwa, wakati mwingine tutazungumza juu ya kuujenga mfumo mzima kutoka kwenye msimbo chanzo kwa kutumia build.sh. Kwaherini kwa sasa.